Basi amwite Mama Trey

Nilidhani watu ninaowasimulia riwaya hii watalalamikia matusi. Riwaya ina matusi ya kutosha, na nyumba yetu hapa Soweto, Mbeya, ni ya watu wa kwaya, kwa hiyo utetezi wangu ulikuwa tayari. Haukuhitajika. Ugomvi ulizuka kwingine kabisa.

Kitabu chenyewe ni On the Come Up cha Angie Thomas, Mmarekani wa Jackson, Mississippi, kilichotoka 2019. Bri ana miaka 16 na anataka kuwa rapa kama marehemu baba yake, aliyeuawa kabla jina lake halijavuka mtaa. Mama yake anapoteza kazi ya ukatibu kanisani, friji inabaki tupu, umeme unakatwa. Bri anauza pipi shuleni, walinzi wanamlaza sakafuni. Anaingia studio na hasira zake, anaimba kana kwamba ana bunduki, wimbo unasambaa, na wengi waliousikia wanaamua kuwa yeye ni mhuni tu.

Mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu, alikimaliza kabla yangu. Mama hasomi Kiingereza, basi jioni tukichambua maharage mimi namsimulia. Nilipofika kwenye habari kwamba Bri anamwita mama yake "Jay", mikono yake ikasimama.

"Kwa jina? Mama yake mzazi?"

Nikaeleza: mume alipouawa, Jay alizama kwenye dawa za kulevya, akawaacha watoto kwa babu na bibi yao. Alirudi akiwa ameacha, lakini jina la mama halikurudi naye.

"Mtoto wake mkubwa anaitwa nani?"

"Trey."

"Basi amwite Mama Trey. Hasira abaki nazo, lakini adabu iwepo."

"Bibi, huyo alimwacha," akadakia mpwa wangu. Mama yake mwenyewe anafanya biashara Tunduma, anakuja sikukuu hadi sikukuu. Mimi nikajifanya naona mawe mengi sana kwenye ungo.

Bodaboda mmoja wa kijiwe cha Kabwe, mwenye shahada yake ya ualimu ndani ya begi, nilimsimulia njiani. Yeye Bri hakumjali. Alimtaka Trey, kaka mtu, msomi anayefanya kazi kwenye duka la piza. "Huyo ndiye wa kuandikiwa kitabu," akasema, akachukua nauli yake.

Kilichonikera ni jambo walilokubaliana karibu wote: Bri angetulia. Asingerekodi ule wimbo. Na haya yanasemwa Mbeya! Mji uliompeleka rapa bungeni mwaka 2010, Joseph Mbilinyi, Sugu wetu, akakaa huko hadi 2020. Miaka ya 1990 alipokuwa anarap, wazee wengi waliita muziki ule uhuni, na mama alikuwa mstari wa mbele kuzima redio. Nikamkumbusha.

"Sugu alikuwa anasema ukweli," akajibu bila aibu. "Huyu wenu anaimba bunduki."

Lakini Bri hana bunduki. Anaimba kile ambacho walinzi walishamwona nacho kabla hajafungua mdomo. Kwangu mimi hapo ndipo riwaya ilipo, na ndiyo sababu inauma: wimbo wa kejeli unapokelewa kama ungamo.

"Sasa anayesikiliza atajuaje kama hana?" mama akauliza.

Swali hilo ni zuri kuliko nilivyopenda. Maana hata meneja wake, Supreme, anataka abaki na sura hiyohiyo ya kutisha kwa sababu inauza. Nilikuwa bado natafuta la kusema mpwa wangu aliponitangulia: "Na walinzi, Bibi, walijuaje kama anayo?"

Mama alisema mtoto amekuwa na mdomo tangu aanze kusoma vitabu vyangu.

Sasa kitabu kiko Uyole kwa mwenzangu wa kwaya, sauti ya pili. Ameshanitumia ujumbe: amefika pale Bri anapolazwa sakafuni, na anataka kujua kama wale walinzi walifukuzwa kazi. Nimemwambia asome tu.