Geji ya joto ya Celica yangu: nilivyoufanya mshale useme ukweli

Geji ya joto la maji ya Toyota Celica yangu ilikuwa na tabia ya shahidi asiyetaka ugomvi na mtu. Asubuhi mshale unapanda kutoka kwenye C (baridi), unafika katikati, unatulia. Uwe mjini Tabora unazungukana na bajaji, uwe barabara ya Nzega na kiyoyozi kimewashwa, wenyewe uko pale pale katikati. Gari ni la 1995, injini 3S-GE, na mimi nilikuwa najisifu kwa watu kwamba mzee huyu hapandi joto.

Mwezi wa kumi, jua la saa nane mchana, nikiwa natoka Nzega, mshale ulitoka katikati ukaenda karibu na H (moto) kabla sijaona pa kuegesha. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa unatema maji pale kwenye klempu. Nilipoupapasa baadaye nilikuta ukoko mweupe wa kulanti (maji ya rejeta) iliyokauka, umejijenga tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo uvujaji ule haukuwa wa siku hiyo. Gasketi ya hedi ilipona, nashukuru. Ila kuna kitu kilinikera zaidi ya mpira wenyewe. Joto la injini halirukiruki, linapanda digrii baada ya digrii. Ina maana dakika kadhaa kabla ya hapo maji yalikuwa yamevuka 95, yakavuka 100, na geji ilinionyesha uso ule ule.

Mimi kazi yangu ni sola na inveta, magari ni ya mapenzi tu. Fundi wangu wa Isevya aliposikia maswali yangu alicheka. "Injinia, geji zote ndivyo zilivyo. Ikienda juu, zima gari." Na kwa sehemu yuko sahihi, kwa sababu huo si ubovu. Watengenezaji wa magari waligundua zamani kwamba mshale ukitembea kila gari linapopanda mlima au linapokaa kwenye foleni, wenye magari wanarudi gereji kulalamika. Dawa yao ikawa kuifanya geji isimame katikati kwenye eneo pana la joto, dereva asibabaike. Dereva wa kawaida hana shida na hilo. Mwenye injini ya umri huu, hedi ya aluminiamu, na barabara ambayo gereji ya karibu iko kilomita hamsini, anahitaji taarifa mapema.

Kwenye gari hili kuna sensa mbili za joto la maji. Moja ina waya mbili na inapeleka habari kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Hiyo sikuigusa wala sikushauri uiguse, maana ndiyo inayoamua mafuta. Ya pili ina waya mmoja tu, ni ya geji peke yake, na ethi yake (njia ya umeme kurudi) inapita kwenye nyuzi za sensa kuingia kwenye injini. Ndani yake kuna kitu ambacho ukinzani wake unashuka kadiri joto linavyopanda. Nilinunua sensa nyingine iliyotumika kwa muuza spea, ili gari liendelee kutembea wakati ile nyingine nikiitesa mezani.

Kuipima ndiko kulikonifurahisha kuliko kazi yote. Nina ile multimita ya njano ya bei nafuu inayokuja na waya wa kupimia joto, na nyingine ya kupima ohm, yaani ukinzani. Nikaining'iniza sensa kwenye sufuria ya maji, ncha ya waya wa joto ikigusana nayo, moto wa jiko la gesi mdogo kabisa. Watu wengi huchukulia kwamba maji yakichemka ni digrii 100, wanatumia hapo kama alama. Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yanatokota kwenye 96 hivi. Ukiweka alama yako ya 100 hapo, umejidanganya digrii nne, tena kwenye eneo ambalo kila digrii ina maana.

Kwa kuwa maji hayawezi kunipeleka zaidi ya hapo, nilihamia kwenye mafuta ya kula. Mama watoto akaja mlangoni, akaangalia sufuria yake, akaangalia sensa ya gari ikiogelea ndani.

"Baba watoto, haya mafuta tutayakaangia nini tena?"

Sikuwa na jibu. Sufuria ile nikainunua upya.

Vipimo vilitoka hivi: kwenye digrii 50 sensa ilisoma kama ohm 226, kwenye 80 ohm 76, kwenye 90 ohm 55, kwenye 100 ohm 40, kwenye 110 ohm 30, na kwenye 115 ohm 26 na ushee. Nilipima wakati joto linapanda, kisha nikazima moto nikapima tena likishuka, kwa sababu mafuta ya chini ya sufuria yanakuwa na moto kuliko ya juu na ukiwa na haraka unapata namba mbili tofauti. Koroga, subiri, ndipo usome.

Halafu nikaenda kwenye geji yenyewe. Nilichomoa waya wa sensa kwenye injini, nikaunga hapo volyumu, ile ya kuzungusha kama ya redio, upande wa pili kwenye ethi, nikafungua swichi bila kuwasha gari. Sasa naidanganya geji nitakavyo. Nikazungusha taratibu huku kijana wangu amekaa ndani akinitajia mshale ulipo. Kuanzia ohm 85 hadi ohm 33 mshale haukusogea hata unene wa ukucha. Ukirudi kwenye vipimo vya jikoni, hiyo ni tangu digrii 77 mpaka 107. Chini ya ohm 33 ndipo unapoondoka, na unaondoka kwa kasi. Mfuniko wa rejeta wa presha ya baa 0.9 kwa mwinuko wa hapa unayazuia maji yasichemke mpaka 115 na kitu. Kwa hiyo geji ilikuwa inanipa taarifa ikiwa imebaki nafasi ya digrii nane tu, na hapo ni kama mfuniko bado una nguvu zake.

Baadhi ya watu hufunga rizista sambamba na sensa ili mshale usomeke juu kidogo. Nilipiga hesabu nikaona hainisaidii. Rizista inasogeza kila kitu upande mmoja, lakini lile eneo lililolala linabaki limelala. Geji ya kununua ya kubandika pembeni ya kioo ingemaliza kazi mapema, hilo nalikubali. Mimi dashibodi ya gari hili ndiyo iliyonifanya nilinunue, na sitaki kuitoboa.

Nilichofanya ni kuweka mkalimani kati ya sensa na geji. Sensa inazungumza na kikompyuta kidogo cha kuprogramu kiitwacho Arduino Nano, na Nano inaiendesha geji. Upande wa kusoma: volti 5 zinapita kwenye rizista ya ohm 100 ya nusu wati, kisha kwenye sensa hadi ethi, na Nano inasoma volti pale katikati. Nilichagua ohm 100 kwa sababu sensa kwenye joto la kazi iko kati ya 30 na 80, na rizista ikiwa karibu na namba hizo kila digrii inaonekana vizuri. Ukiweka kilo-ohm 10 kama wengi wanavyonakili, mabadiliko yote yanajibana kwenye pembe ndogo na usomaji unakuwa wa kubahatisha.

Upande wa kuendesha: transista ya moseti (swichi ya umeme isiyo na kitu kinachotembea), IRLZ44N, inafunga na kuachia waya wa geji kwenda ethi karibu mara 490 kwa sekunde. Muda inaofunga ukiongezeka, mshale unapanda. Geji yenyewe ni nzito, haiwezi kuyafuata mapigo hayo, kwa hiyo mshale hautetemeki. Hapo nikapata jedwali la pili: nguvu kiasi gani inauweka mshale wapi. Programu yenyewe ni fupi. Inasoma sensa mara nyingi, inachukua wastani kwa sababu alteneta ina kelele nyingi za umeme, inatafuta joto kwenye jedwali la jikoni, kisha inatafuta nguvu ya kutuma kwenye jedwali la dashibodi.

Mgawanyo wa mshale niliutafakari kuliko nyaya. Katikati nimeweka 90. Kati ya 80 na 105 nimeipa sehemu kubwa ya geji, kwa kuwa ndiko injini inakoishi. Chini ya 60 nimepabana kabisa, nani anajali. Mstari mwekundu unaanza kwenye 108, na kwenye 104 baza inalia. Kuna jambo jingine ambalo geji ya kiwandani haikuwa nalo. Waya wa sensa ukikatika, mshale wa zamani ulikuwa unalala kwenye C, nawe unaendelea na safari zako. Injini ikiwa baridi kabisa asubuhi sensa inasoma mia nane hivi, kwa hiyo Nano ikiona ukinzani mkubwa kupita kiasi inajua hakuna sensa, na inaupeleka mshale wote kwenye H. Bora nisimame bure barabarani.

Umeme wa gari si wa kuchezea. Nano ukiiunga moja kwa moja kwenye volti 14 za alteneta, regulata yake ndogo inaweza kuungua. Nilitumia regulata ya volti 5, LM7805, iliyofungwa kwenye kipande cha bati, kapasita mbili, dayodi ya kuzuia umeme wa kurudi, na fyuzi ya ampea 1. Ethi niliichukua kwenye injini. Ukiichukua kwenye bodi ya gari, mshale utapanda kidogo kila ukiwasha taa. Na sensa usiizungushie tepu nyeupe ya mabomba kama unafunga koki ya bafuni, kwa sababu nyuzi zile ndizo ethi yake. Kiboksi chote kiko chini ya sanduku la mbele ya abiria, kwenye kivuli. Nyuma ya dashibodi, gari likianikwa juani Tabora mwezi wa tisa, gundi ya moto inalainika na vitu vinaanza kuning'inia, kwa hiyo nilitumia skrubu.

Siku ya kwanza barabarani geji ilinifundisha kitu nisichokitafuta. Mjini mshale ulipanda hadi 93 hivi, feni ikawaka, ukashuka, feni ikazima. Sawa kabisa. Nikatoka kuelekea Urambo, nikashika mwendo wa themanini, na mshale ukaanza kushuka. Themanini, sabini na tano, sabini na mbili. Kwa mwendo ule, na hewa ya jioni, ulikaa hapo. Geji ya zamani ingekaa chini kidogo tu ya katikati, nami ningesema kila kitu safi.

Nilifikiri mzunguko wangu una kasoro. Nikaegesha, nikapima ile sensa ya waya mbili ya kontroli boksi. Kitabu cha Toyota kinasema iwe kati ya ohm 200 na 400 kwenye digrii 80. Yangu ilikuwa zaidi ya hapo, maana yake ni baridi kweli. Kesho yake fundi akafungua nyumba ya themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Ndani hamna kitu. Mtu fulani, miaka ya nyuma, aliitoa akaitupa, kama inavyofanywa kwenye magari mengi ili "injini ipoe".

Tulibishana sana na fundi. Yeye alishikilia kwamba nchi hii ni ya joto na themostati ni mdudu wa Ulaya. Mimi nilimwonyesha mshale. Injini isiyofikia joto lake inapewa mafuta mengi, kwa sababu kontroli boksi inadhani bado ni asubuhi, na mafuta hayo yanaosha oili kwenye kuta za silinda. Themostati ya digrii 82 nikaiagiza Kariakoo, ikaja na basi. Tangu ifungwe, barabarani mshale unakaa kati ya 84 na 88, na ulaji wa mafuta umepungua, ingawa hapo sitaji namba kwa sababu mguu wangu nao si wa kuaminika.

Jambo moja geji hii haiwezi: maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani na kusoma hewa. Kwa hiyo chupa ya akiba naiangalia kila asubuhi kama zamani.

Fundi sasa anataka nimtengenezee kama hiyo kwenye Noah ya mteja wake. Nilimkatalia. Kwenye magari mengi ya miaka ya baadaye mshale unaamriwa na kompyuta ya gari, hakuna waya wa sensa wa kukatia njiani. Nikamwambia amnunulie mteja kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD (ya kusomea kompyuta ya gari) chini ya usukani, kinatuma joto kwenye simu kwa bluetooth, namba kamili. Yangu soketi hiyo haina.