Ufunguo wa Baxter, noti ya mia ya Fran

Filamu niliyoiangalia wikendi na yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, ni ya mwaka 1960, picha nyeusi na nyeupe. Kwa Kifaransa inaitwa La Garçonnière, kwa Kiingereza The Apartment. Billy Wilder ndiye aliyeiongoza, na aliiandika pamoja na I.A.L. Diamond. Ilipata Oscar tano, mojawapo ile ya filamu bora. Wanaiita komedi na tulicheka kweli, lakini mimi ninayekaa mapokezi kutwa, nikiona nani anaingia kwa shefu, mkubwa wa kazi, na nani anatoka amebadilika uso, niliiona kwanza kama filamu ya kazi. Mapenzi yamo, tamaa ya cheo imo, ila hakuna kinachotokea bila kupitia kwa mtu anayelipa mshahara.

Baxter (Jack Lemmon) ni karani katika kampuni ya bima mjini New York, yenye wafanyakazi 31,259. Meza yake ni namba 861, ghorofa ya 19. Kwa wiki anapeleka nyumbani dola 94.70. Hata saa ya kutoka imepangwa ghorofa kwa ghorofa ili lifti 16 ziweze kubeba watu wote hao. Ukumbi wa zile meza unatisha kwa urefu, na siri yake nimeipenda: Alexandre Trauner, aliyebuni mandhari, aliweka meza zinazozidi kuwa ndogo kadiri zinavyoenda nyuma, huko mwisho akakalisha watu wafupi na watoto, ili jicho lako lisipate ukuta.

Sasa huyu karani ana nyumba ndogo karibu na Central Park. Wakubwa wanne wa kazini wanaiazima jioni wakutane na wanawake wasio wake zao. Mwenye nyumba anazurura nje kwenye baridi. Malipo yake ni maneno mazuri kwenye ofisi ya wafanyakazi. Siku moja ameamka na mafua makali, anataka kulala kwake usiku ule tu. Ameshika simu na kalenda, anapiga kwa mkubwa huyu ahamishe zamu, ambaye kuhama kwake kunamgusa yule, na yule naye kunamgusa mwingine. Pua inamwagika, kazi ya kampuni inamngoja mezani. Yaya alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilicheka pia, lakini nilikuwa nawaza kwamba hiyo ni kazi ya pili, na hakuna karatasi ya mshahara inayoitaja.

Hapo nilimkumbuka babu. Aliishi kambi ya wafanyakazi, hapahapa Lubumbashi, enzi za Union Minière, ile kampuni ya migodi. Nyumba ilitoka kwa kampuni, shule, hospitali na posho ya unga pia, kwa hiyo aliyekupa kazi alikuwa na neno ndani ya nyumba yako. Baxter analipa kodi mwenyewe, dola 85 kwa mwezi, na bado shefu anaingia kwake na kulalia kitanda chake. Sikutegemea kukuta jambo la kwetu katika ghorofa ya New York.

Halafu yuko Fran, msichana wa lifti, Shirley MacLaine. Anasimama kutwa na sare yake, anapeleka watu juu, anawarudisha chini. Anampenda Sheldrake, mkuu wa wafanyakazi, mtu mwenye mke na watoto. Na Sheldrake akishajua siri ya ile nyumba, anampandisha Baxter cheo ili apate ufunguo. Baxter naye anampenda Fran, bila kujua ni nani anayepelekwa kitandani kwake.

Anajua kwa kioo. Ni sherehe ya Noeli ofisini, amenunua kofia mpya ya kikubwa, anataka kujiona. Fran anampa kioo chake cha mkobani. Kimepasuka katikati. Kioo kile Baxter alikiokota nyumbani kwake, akamkabidhi Sheldrake. Fran anasema anakipenda hivyohivyo, kwa sababu kinamwonyesha jinsi anavyojisikia. Na sisi tunauona uso wa Baxter ndani yake, umekatika vipande viwili chini ya kofia ya cheo. Hakuna anayepiga kelele.

Lakini kiini cha filamu, kwangu, ni noti. Usiku uleule, Fran amemletea Sheldrake zawadi ya sahani ya muziki. Sheldrake hakupata muda wa kununua kitu, ana haraka ya kuwahi treni arudi kwa familia, basi anatoa dola mia, ajinunulie mwenyewe. Sisi wa Lubumbashi noti ya mia tunaijua. Unaiinua kwenye mwanga, unaigeuza, unakagua pembe zote, maana ikiwa na mpasuko kama punje ya mchele, hata wabadilisha pesa wa barabarani wanakurudishia. Fran haikagui. Anasimama, anaanza kuvua koti, anasema si ameshalipiwa.

Yaya, ambaye anauza vitenge soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, na pesa zimepita mikononi mwake maisha yote, aliacha kutafuna karanga.

“Amemulipa,” alisema.

“Njo vile, yaya.”

“Na ule anafikiri amefanya muzuri!”

Hasa. Sheldrake hatukani, hapigi. Ana adabu, na adabu yake ndiyo iliyonikasirisha. Baada ya hapo filamu inaingia gizani, Fran anakaribia kufa, daktari wa jirani anamwokoa, na Wilder anathubutu kutuchekesha tena bila kudharau maumivu yake. Kuna tambi zinazochujwa kwa raketi ya tenisi; iangalie mwenyewe.

Mwishoni Sheldrake anadai ufunguo wa nyumba tena. Baxter anampa ufunguo, lakini ni ule wa choo cha wakubwa. Anaondoka kazini hivyo. Fran anamkimbilia usiku wa mwaka mpya, wanakaa kucheza karata; Baxter anatangaza mapenzi, Fran anamwambia anyamaze agawe. Hawabusiani, na mimi nimeridhika.

Yaya hajaridhika. Anamtaka Miss Olsen, sekretari wa Sheldrake aliyewahi kuwa mpenzi wake, ambaye alibaki pale mlangoni akiwaona wanaokuja baada yake. Anafukuzwa kwa kusema ukweli, na kabla hajatoka jengoni anashika simu ampigie mke wa shefu. Filamu inamwacha hapo. Yaya anadai sehemu ya pili, ya Miss Olsen peke yake: anapata kazi wapi, nani anamwandikia barua ya sifa. Mimi niko upande wa yaya.