Beti za Samaki

Jumapili ya Oktoba 27, 2024 nilikuwa Bangkok kwa shughuli za mawe. Mzee mmoja mkata vito, ambaye nimefanya naye biashara kwa miaka, alikataa katakata kuzungumza bei siku ile. Twende mtoni, akasema. Mfalme Vajiralongkorn, aliyetimiza miaka 72 mwaka huo, alikuwa anakwenda kwa mashua hadi hekalu la Wat Arun kuwapelekea watawa majoho.

Kingo za Chao Phraya zilijaa watu waliovaa njano. Sauti ilitufikia kabla ya mashua: mmoja anavuta ubeti, wapiga makasia wanaitikia, na kasia zinazama palepale kiitikio kinapoangukia. Mashua 52, wanamaji zaidi ya 2,000. Nimekulia Pangani, nyimbo za kuvuta juya, wavu wa samaki, nazijua tangu utotoni, lakini sifa za mfalme zinazosukuma chombo sikuwahi kuzisikia.

Ilipopita Suphannahong, mashua ya mwaka 1911 yenye omo, yaani sehemu ya mbele, la kichwa cha ndege wa dhahabu, mzee alighani ubeti aliojifunza shuleni: ndege huyo anaelea juu ya maji, kishada kikining'inia, kama yule ambebaye Brahma, mungu wa Kihindu. Ni utungo wa Mwanamfalme Thammathibet, wa karne ya 18 kule Ayutthaya, mji mkuu wa zamani wa Siam. Kila mstari wa bahari hiyo, yaani aina hiyo ya shairi, una mizani (silabi) 11, 5 kisha 6. Nikawa nahesabu kwa vidole.

“Na baada ya mashua?” nikamuuliza.

Baada ya mashua, akasema, mshairi anasifu samaki, kisha maua, kisha ndege, na katika kila kimoja anamwona mwanamke aliye mbali naye. Samaki wanaogelea wakigusana. Hata wao wanajua raha ya kuwa pamoja, naye mpenzi wake hakuja naye. Hapo ndipo utungo uliponishika. Sifa nyingi za wafalme nilizosoma hazibanduki kwenye kiti cha enzi, na huchosha upesi. Huu unaondoka na mfalme, unafika kwa mtu.

Mzee akaongeza kwamba mtunzi huyo alikufa kwa viboko, kwa amri ya baba yake, Mfalme Borommakot, kwa sababu ya mapenzi na mmoja wa wake wa mfalme. Nilisikitika kama niliyepewa habari ya msiba wa jana.

Nikamwomba anirudie beti za samaki, polepole. Alinirudia mpaka askari walipoanza kutuondoa ukingoni.