Bafu moja, watu wanne, fimbo moja ya taulo

Hili bafu letu la ughaibuni nimelipima kwa futikamba, msije mkasema natia chumvi: mita moja na nusu kwa mita mbili. Humo ndani kuna beseni la kuogea, choo, sinki na mlango unaofungukia ndani. Tunaoishi hapa ni wanne. Mwenye nyumba alitufungia fimbo moja ya taulo yenye urefu wa sentimita 60, na taulo la kawaida la kuogea lina upana wa sentimita 70. Kwa hiyo tangu mwanzo hata taulo moja halikupata nafasi ya kujinyoosha sawasawa.

Kosa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa kununua vitu vya kuwekea vitu. Kikapu cha pembeni, kikabati cha plastiki, rafu ya kubandika. Bafu likazidi kubanana na mataulo yakabaki yamelundikana palepale, moja juu ya jingine, yakinuka uvundo. Miezi ya baridi ndiyo mbaya zaidi: hakuna kamba ya nje, hakuna jua, dirisha halifunguliwi. Unaoga vizuri, ukijifuta tu unanuka kama tambara la deki. Tulidhani sabuni ya kufulia ndiyo mbovu. Tukabadilisha sabuni, tukaongeza na dawa ya kulainisha nguo, ambayo kumbe hulifanya taulo lisinyonye maji vizuri. Sabuni haikuwa na hatia. Mataulo hayakuwa yakikauka, basi.

Hapo nikaacha kufikiria nafasi ya kuweka, nikaanza kufikiria nafasi ya kukausha. Ni mambo mawili tofauti. Taulo safi lililokunjwa laweza kukaa popote, hata chini ya kitanda. Lililolowa linataka kutandazwa. Ukilitundika kwenye ndoano linajikunja na kuwa kama kamba nene, na katikati yake kesho asubuhi bado pana unyevu. Ukiliweka kwenye fimbo likiwa limefunguka, hewa inapita pande zote.

Nikachukua kalamu. Taulo la sentimita 70 kwa 140, ukilikunja mara moja juu ya fimbo, linaning'inia sentimita 70 tu kwenda chini. Mlango una kimo cha mita mbili, na nyuma yake hapakuwa na kitu isipokuwa koti la kuogea la mtu aliyehama zamani. Maana yake ni kwamba mlango mmoja unabeba fimbo mbili, moja juu ya nyingine: ya juu kwenye sentimita 180, ya chini kwenye 100. Mataulo hayagusani. Kuna fimbo zenye vyuma vya kuvisha juu ya mlango, hazihitaji tundu hata moja, na sisi wapangaji tunajua tundu moja kwenye kigae linavyoweza kula amana yako siku ya kuhama. Lakini pima kwanza upenyo kati ya mlango na fremu yake. Zangu za kwanza zilikuwa na chuma kinene, mlango ukagoma kufunga, na kwa wiki nzima kila aliyeingia kuoga alilazimika kuimba ili wenzake wajue kuna mtu. Mmoja wetu hana sauti kabisa, Mungu amsamehe.

Hayo ni mataulo mawili. Mengine mawili yakapata fimbo ya springi, ile unayoizungusha ikajikaza yenyewe kati ya kuta mbili. Upana wa bafu ni sentimita 150, mataulo mawili ni 140, kana kwamba nyumba ilipimiwa hivyo. Tumeikaza juu karibu na dari, upande wa nje wa pazia la bafu, ili maji ya kuoga yasiyafikie. Walio warefu wanainama kidogo wakiingia. Faida yake ni kwamba ukimaliza kuoga unanyoosha mkono tu.

Rafu ya kubandika kwa vikombe vya mpira ilinipa somo saa nane usiku. Ilianguka na chupa zote, nikadhani tumevamiwa. Vikombe vile hushika kwenye kigae laini kinachong'aa au kwenye kioo. Ukivipitisha juu ya maungio ya vigae, au kigae kikiwa na mikwaruzo, hewa inapenya polepole hadi viachie. Ndoano za gundi ni afadhali, ila ufute ukuta kwa spiriti, ubandike, kisha uziache siku nzima kabla ya kutundika chochote. Mimi nimeziachia brashi na dodoki tu. Taulo zito lina karibu nusu kilo likiwa kavu, likilowa ndiyo usiseme.

Chupa nazo nilizihesabu: 19. Kila mtu na shampuu yake, na nusu ya chupa zilikuwa na tone moja chini. Sasa kila mmoja ana kikapu kidogo chenye mpini, anakuja nacho na kuondoka nacho. Dawa za kumeza tumezitoa kabisa, kwa kuwa mvuke na joto huziharibu. Juu ya choo tumesimamisha rafu ya miguu mirefu kwa ajili ya karatasi za akiba. Ukinunua ya namna hiyo, hakikisha mfuniko wa tangi la choo bado unafunguka, maana kuna siku litavuja.

Jambo moja bado tunabishana: kutandika taulo juu ya kipasha joto cha ukutani. Linakauka upesi, sikatai. Ila yale maji hayapotei, yanaingia hewani na kutua kwenye ukuta wa baridi, na baada ya muda unaona madoadoa meusi ya koga kwenye kona ya dari. Anayetaka kufanya hivyo awashe feni ya kutolea hewa au aache dirisha wazi kidogo, na asitoke nje akaiacha nyumba imefungwa.

Mgeni akija na taulo la tano, analianika kwenye mgongo wa kiti chumbani kwangu. Bafuni tumejaa.