Usukani Ulipoachia Njia ya Soni

Nyanya za Lushoto hazisubiri mtu. Zikishachumwa asubuhi na kupangwa kwenye matenga, alfajiri ya kesho yake ziwe zimefika Soko la Mgandini, la sivyo wachuuzi wa Tanga watakupangia bei wao. Ndiyo maana masika ya mwaka 2018 nilikuwa barabarani wakati wenye pikapu wengi wameegesha wakingoja mvua ikatike. Mzigo wenyewe nilikuwa nimeuchukua kwa mali kauli kwa mama mmoja mkulima ambaye alikuwa ananiamini tangu nianze biashara hiyo.

Anayeijua barabara ile hahitaji kuelezwa. Lushoto iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na mpaka ufike Mombo kwenye joto la tambarare unateremka kilomita 33 hivi, nyingi zikiwa kona. Mlima upande huu, bonde upande ule, kona inayofuata vimebadilishana. Masika udongo na mawe huporomokea barabarani, na dereva hapati nafasi ya kuupumzisha usukani.

Usukani wenyewe sikuwa na wasiwasi nao. Desemba iliyotangulia fundi wangu wa Tanga alinionyesha kwamba tairodi endi zote mbili za mbele zimechoka. Kwa asiyekijua, hicho ni kiungo kidogo cha chuma, unakishika kwa kiganja kimoja, ndicho kinachoshikanisha fimbo ya usukani na tairi. Nikaenda duka kubwa la spea, si kwa mtu wa kuuza mkononi. Nilipewa maboksi mawili yenye nembo ya kung'aa, yameandikwa kwamba mali imetengenezwa Japani, na bei ilikuwa ya mali ya Japani: shilingi 60,000 kila moja. Risiti ya mashine nilipewa. Fundi akafunga, akakaza nati, akapitisha pini za kuzuia nati zisifunguke, na siku hiyohiyo nikafanya alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa matairi. Kiungo kama hicho kikiwa cha kweli, hata kwa barabara zetu kinakaa miaka.

Tulipopita Soni, mji mdogo ulio kati ya Lushoto na Mombo, usukani ukaanza kutetema. Nikasimama. Mimi na utingo tukazunguka gari, tukaangalia upepo wa matairi, tukakaza nati za ringi. Hakukuwa na kilicholegea. Ugonjwa ulikuwa umejificha chini ya kifuniko cha mpira, mahali ambapo macho hayafiki mpaka uinue gari kwa jeki na kulitikisa tairi kwa mikono.

Tukaendelea kwa gia ya pili. Chini kidogo, kwenye kona ya kwenda kulia, nikasikia chuma kinagonga chini ya miguu yangu, mlio mmoja mzito. Nikazungusha usukani kulia. Tairi la kulia likatii, la kushoto likageuka lake kushoto, matairi mawili ya gari moja kila moja na safari yake. Nilikanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likaburuzwa, likaserereka, tairi la kushoto likatumbukia mtaroni na kujibamiza kwenye jiwe. Mahali hapo kushoto kulikuwa na mlima. Kona inayofuata kushoto ni bonde, na nikiipita leo bado nashukuru kwa sauti, aliyepanda nami asikie.

Utingo aliruka kabla sijazima injini. Akaweka mawe mbele ya matairi, akakata matawi, akayatandaza barabarani juu na chini yetu ili wanaokuja wajue kuna gari limekwama. Kijana yule hakupoteza dakika hata moja kwa kulalamika. Kisha akasimamisha bodaboda, akateremka Mombo kutafuta fundi.

Fundi aliyekuja alikuwa mzee, begi la spana mgongoni, amelowa mpaka kifuani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmetoka wazima wote?"

"Wazima, mzee."

"Basi hayo mengine ni vyuma."

Alilala kwenye matope, akamulika tochi, akaniita nione. Kichwa cha mviringo kilikuwa kimechomoka kwenye kikombe chake, na fimbo ya usukani inaning'inia haijashika kitu. Bolijointi ya chini, kiungo kingine kinacholishikilia tairi, nayo mpira ulikuwa umechanika na pini yake imepinda kwa kile kishindo cha mtaroni.

Dereva wa Fuso aliyekuwa amesimama kutusaidia akatoa wazo lake. Turudishe kile kichwa mahali pake, tukifunge kwa vipande vya tyubu na waya, tuteremke polepole mpaka Mombo, yeye atatufuata kwa nyuma. Si wazo geni, magari mengi yameshafikishwa mjini namna hiyo, na mimi nilikuwa natazama nyanya zangu zinavyonyeshewa. Mzee akatikisa kichwa.

"Injini ukiifunga waya ikikataa itazima, utasimama," alisema. "Usukani ukikataa husimami. Mimi siufungi waya. Kama unataka, mtafute mwingine."

Mtu mmoja kwenye kundi lililokusanyika akanong'ona kuwa mzee anataka kula pesa. Mimi sikuliona hilo usoni mwake. Ilikuwa kazi ya dakika chache, angenitoza ninachonacho na kwenda zake kukauka. Badala yake alikuwa anakubali kurudi kesho.

Tukakodi Kenta kwa 120,000, tukahamisha matenga juu ya utelezi na utingo akaondoka nayo. Zilifika Mgandini jua limeshapanda, nyingi zimepondeka kwa kupakiwa mara mbili, na zikaishia kwa akina mama ntilie kwa bei ya kutupa. Mimi nililala ndani ya gari.

Kesho yake mzee alikwenda Korogwe. Alirudi na tairodi endi mbili za mtumba, zimetolewa kwenye gari lililoletwa kutoka Japani na kukatwa spea, 40,000 kila moja. Nikamuuliza kwa nini mitumba na mimi nimeshaumizwa hivi. Akashika moja, akaniambia nijaribu kukichezesha kichwa kwa kidole. Hakikusogea. Kilizunguka tu kwa kubana, kizito, kama mtu anayegeuza kitu ndani ya asali. Kisha akafungua ya upande wa kulia, ile pacha ya iliyochomoka, ambayo ilikuwa haijaguswa na ajali yoyote. Ilicheza kwenye kikombe chake ikigongagonga.

Gari lilipofika gereji yake Mombo, akaichukua ile ya kulia, akaibana kwenye jiriwa na kuipasua kwa grainda. Ndani ya kiungo cha kweli, alinieleza, kichwa cha chuma kigumu kinakaa kwenye kikombe chenye bitana ngumu ya plastiki, kimezungukwa na grisi, na mpira wa nje unazuia maji na vumbi. Ndani ya yangu bitana ilikuwa nyembamba na imeshalika hadi chuma kikagusa chuma. Grisi ilikuwa alama tu. Mpira wa nje, ukiutazama vizuri karibu na ukingo, ulikuwa na nyufa kama wa miaka kumi. Maji ya masika yalikuwa yanaingia na kutoka, na kutu ilishakula uso wa kile kichwa. Desemba mpaka Aprili.

Hesabu niliiandika nyuma ya daftari la mauzo. Tairodi endi za Korogwe 80,000. Bolijointi mpya 90,000. Tairi moja 280,000, maana lile lilichanika ubavuni. Ringi ya mtumba 60,000. Ufundi na nauli za mzee 90,000. Alaimenti 25,000. Kenta 120,000. Jumla 745,000, na humo hakuna hata tenga moja la nyanya.

Nilirudi dukani na risiti na kile kiungo kilichopasuliwa, nimekifunga kwenye gazeti. Muuzaji aliniambia mali ikishauzwa hairudishwi, tena spea ikishafungwa ndiyo kabisa. Akasema ni barabara zetu, ni mizigo tunayozidisha. Sikumpigia kelele. Niliweka vipande viwili juu ya kaunta, nikawaelekeza wateja waliokuwepo: hapa ndipo bitana ilipaswa kuwa, hapa ndipo grisi, na mpira ni huu. Nikasema ilichomokea wapi. Wengi wanaijua njia ya Soni.

Mteja mmoja aliyekuwa ameshalipa akatoa boksi kwenye mfuko wake, nembo ileile ya kung'aa, akalisukuma kwenye kaunta na kudai pesa yake. Wa pili akauliza kama bolijointi alizonunua wiki iliyopita ni za kampuni hiyohiyo. Hapo muuzaji akafungua droo, akanihesabia 120,000 za spea zangu mbili. Za tairi, za ringi, za nyanya, alisema hazimhusu. Nilimwambia zinamhusu, na naamini hivyo hata leo: anayeuza kiungo cha usukani anauza uhai wa aliyeko ndani ya gari na wa anayetembea kando ya barabara, na hawezi kuhesabu hasara yake inaishia kwenye boksi.

Kati ya hizo 120,000, nusu nilimpa utingo na nusu nikampelekea yule mama wa nyanya kama malipo ya kwanza. Alizipokea, akaniuliza kwanza kama kifua hakiumi kwa kujigonga na usukani, ndipo akaandika kwenye daftari lake. Deni lote nililimaliza Septemba, wakati karoti zilipokuwa na bei.