Twiga Mdogo Tu: siku moja maishani mwangu

Saa kumi na moja na nusu nimeamka, chai, matatu. Saa moja niko Kamukunji, soko la jua kali hapa Nairobi, nachagua mabati makuukuu ya paa ya kutengenezea sanamu zangu. Muuzaji ananiuliza, kama kawaida yake, kama bado sijamaliza kujenga nyumba ya kuku.

Saa tatu niko karakanani. Nageuza mabati niliyoloweka kwenye beseni wiki sita zilizopita. Bati lina koti la zinki. Usipolikwaruza kwa msasa kwanza, maji hayaliwezi. Likishalegea, kutu inapanda yenyewe: rangi ya chungwa, kahawia, na pembeni kabisa weusi fulani ambao hakuna kopo la rangi litakupa. Mwenye njia hii ni msanii Naomi Wanjiku Gakunga, Mkenya mwenzetu anayeishi Texas. Na kwetu bati si takataka. Kina mama wa zamani walichanga wakaezekeana nyumba kwa zamu, mpaka vikundi vyao vikaitwa Mabati.

Kisha kutoboa. Msumari, nyundo, msumari, nyundo. Nashona vipande kwa waya kwa sababu bati halichomelewi hivi hivi. Moshi wa zinki unaleta homa. Niliwahi kujaribu, nikatetemeka usiku kucha huku jirani akinisisitizia maziwa.

Saa saba kasorobo, mgeni.

“Fundi yuko wapi?”

“Ni mimi.”

“Hapana, yule anayetengeneza.”

Nikamwonyesha mikono. Akaizunguka kazi mara tatu, urefu wake mita mbili unusu, akaigonga kwa ufunguo wa gari. Ni nini? Ni bawa? Ni pazia? Nikamwambia si kitu, asimame mlangoni aone mwanga unavyopita kwenye matundu. Hakusimama. Ana hoteli, anataka kitu cha mapokezi, hii ameipenda, ila niweke kichwa cha twiga pale juu ili wageni wajue wako Kenya. Nikakataa. Basi macho tu. Nikakataa. Ndipo akauliza siku hizi mabati ni kilo ngapi, shilingi ngapi, akaanza kupiga hesabu kwenye simu mbele yangu!

Nikamtajia Magdalene Odundo, mzaliwa wa hapa hapa Nairobi. Hatumii gurudumu, anapandisha udongo kwa mkono, anausugua mpaka ung’ae, na akitaka chungu cheusi anakirudisha kwenye moto ulionyimwa hewa. Nani amewahi kumpimia udongo kwa kilo?

“Huyo ni mfinyanzi, madam. Wewe unashona skrapu.”

Alikaa saa nzima na nusu. Hakununua. Alipoondoka stima nayo ikaondoka, na grinda ikanyamaza katikati ya ukingo.

Baada ya hapo sijui saa. Nilisugua ukingo kwa tupa. Waya ulinichana kidole gumba, nikakifunga kwa kitambaa nikaendelea. Mgongo ulikuwa unawaka. Giza likianza kuingia, kijana wa karakana ya pili akaja kunisaidia kuinua kazi kwa kamba. Akarudi nyuma mpaka mlangoni bila kuambiwa, akatazama muda mrefu.

“Anti, ni kama mvua ikianza kupiga paa.”

Nilitaka kumbusu.

Nyumbani, nikichokoa kutu kwenye kucha kwa mswaki mzee, simu ikatoa mlio. Ni mwenye hoteli: “Madam, basi twiga mdogo tu.”

Nikaifunika kifudifudi, nikahamia kucha za mkono wa pili.