Anza na Ukerewe

Desemba 1997 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, nakaa kwa shangazi Magomeni. Shangazi hakuwa mtu wa kuvumilia kuona msichana mwenye nguvu zake anashinda kibarazani. Akaongea na jirani yetu, mzee aliyekuwa akiuza vitabu vilivyotumika barabara ya Samora, na Jumatatu iliyofuata nikajikuta nimebanwa ndani ya daladala, DCM ya Posta, boksi mapajani, nakwenda kazini kwa mara ya kwanza maishani.

Pa kazi palikuwa kwenye baraza ya duka moja, hatua chache kutoka sanamu ya Askari. Wauza vitabu wengine wa pale walipanga mali yao kwa bei au kwa darasa, maana wateja wengi walikuwa wazazi. Mzee alipanga nchi. Turubai lake lilikuwa Tanzania nzima. Ukingo wa barabarani ulikuwa pwani: Tanga juu, Kilwa na Lindi chini, na mbele kidogo, juu ya kipande cha boksi kilichojitenga, Unguja na Pemba. Kigoda chake kilikuwa magharibi, Kigoma ikimgusa goti. Kati palikuwa Dodoma, na huko juu ukutani palikuwa Ziwa Victoria. Kila mwandishi aliwekwa pale kitovu chake kilipozikwa. Alipofanyia kazi au alipofia Mzee hakupajali.

"Mtu anahama, mwanangu. Kitovu hakihami."

Mimi nilitoka shule na vitabu vile vichache vya mtihani, vyote nimevikariri: dhamira, migogoro, ujumbe, fani na maudhui. Nilikuwa naweza kukutajia falsafa ya mwandishi bila kujua anatoka wapi, na niliamini kabisa kwamba hapo ndipo fasihi yetu ilipoanzia na kuishia. Siku ya kwanza kutandika turubai nilishika rundo la Tanga, nikaona jina moja karibu kwenye kila jalada, nikadhani Mzee kakosea, kaniletea nakala za kitabu kimoja. Kumbe Shaaban Robert ndiye huyo huyo wa *Kusadikika*, nchi isiyokuwepo, ndiye wa wasifu wa Siti binti Saad aliyekuwa anaimba taarabu, ndiye wa utenzi mrefu wa vita vya 1939 hadi 1945, na ndiye aliyeandika maisha yake mwenyewe. Mtu mmoja, tena aliyeajiriwa serikalini miaka mingi, anaandika baada ya kazi.

Kigoma ndiyo iliyonichanganya zaidi. Chini palikuwa na *Sheria za Kutunga Mashairi* ya Sheikh Amri Abedi, mtoto wa Ujiji, kitabu cha 1954 kinachokuonyesha vina na mizani kama fundi anavyokuonyesha pima maji. Juu yake, bila aibu yoyote, palikuwa na Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, risasi na wanawake wazuri na miji ya usiku. Niliuliza kama tusivitenganishe. Mzee akasema mkoa mmoja haupiki chakula cha aina moja. Kule Mara, jirani na Ziwa, palikuwa na *Mabepari wa Venisi*, kwa kuwa tamthilia hiyo ya Shakespeare iliingia Kiswahili kwa mkono wa mtu wa Butiama, Mwalimu Nyerere. Na kwenye boksi la Unguja, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla na kiko chake alikaa ubavuni mwa makuli wa bandarini wa Adam Shafi. Wale ambao Mzee hakujua kwao ni wapi aliwaweka Dar es Salaam, akina Willy Gamba wa Elvis Musiba wakiwemo, mpaka atokee mteja wa kumwambia.

(Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel, watu walibishana sana ni wa nani: kaishi Uingereza tangu ujanani, anaandika Kiingereza. Mimi niliwaza lile boksi tu. Kazaliwa Unguja, 1948. Mzee asingepoteza hata dakika moja. Na *Peponi* ilipotoka kwa Kiswahili mwaka uliofuata, niliinunua kwa niaba yake.)

Ukerewe ilikuwa pembe ya juu, mahali pasipofikiwa na jua. Vitabu vya watu wawili tu, wa kisiwa kimoja. Wa kwanza Euphrase Kezilahabi: *Rosa Mistika* ya 1971, iliyowahi kuzuiwa shuleni, *Kichwamaji*, na *Kichomi*, mashairi yasiyo na vina yaliyowakera washairi wa zamani mpaka wakasema si mashairi. Wa pili Aniceti Kitereza, na kitabu chake kimoja kinene kama tofali: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Mzee alinisimulia habari zake kwa sauti ya chini, kama anayemsema mtu aliyeko chumba cha pili. Alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945. Hakikupata wa kukichapa. Akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka 1980, yeye akafariki 1981. Miaka 35 kitabu kiko tayari, mwenyewe anazeeka nacho. Nilikipima mkononi nikahisi uzito ambao si wa karatasi tu.

Nakala ilikuwa moja, na ilikuwa imeshapata mwenyewe. Mama mmoja muuza dagaa wa Kariakoo alifika wiki ya kwanza ya kazi yangu, akasimama mbele ya turubai bila kuinama, akasema, "Nasikia kuna mtu wa kwetu aliandika mambo ya kwetu." Mzee akamwonyesha. Mama alitoa nusu ya fedha iliyofungwa kwenye pindo la kanga, akasema atarudi Ijumaa na iliyobaki. Mzee alitaka aondoke nacho, alipe baadaye. Mama akakataa. Chake atakichukua kikiwa chake.

Alhamisi, saa nane mchana, wingu lilikuwa limetanda, lakini mwezi ule wingu halikuwa habari. El Niño ilikuwa imetuzoesha. Mzee alivuka barabara kwenda kunywa kahawa. Upepo ukaja kwanza, ukainua ukingo wa pwani wote kwa pamoja. Kisha mvua ikamwagika, na mfereji wa bati juu ya baraza ukazidiwa, maji yakawa yanatujia kutoka juu na kutoka barabarani kwa mpigo.

Nikakumbatia Unguja, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na maji. Nikasikia mtu anapiga kelele ng'ambo ya barabara.

"Anza na Ukerewe! Binti, anza na Ukerewe!"

Watu waliojibanza chini ya mabaraza waligeuka kumtazama. Alikuwa amesimama katikati ya mvua, kofia mkononi, magari yanamrushia maji, na yeye ananyoosha kidole kuelekea ukutani. Nikaitua Unguja. Hilo bado linaniuma. Nikarukia pembe ya juu, na maji yalikuwa yameshafika, yanashuka ukutani taratibu na kuingia chini ya lile tofali. Nikafungua kanga kiunoni, nikakifunga kitabu kama mtoto, nikakisukuma ndani ya duka kupitia mlango ulioachwa wazi nusu. Nilipogeuka, kijana wa kupiga kiwi aliyekuwa jirani yetu alikuwa ameshakusanya rundo mikononi, ananiuliza, "Hizi je?"

"Hiyo Kigoma. Iweke juu!"

Akaipokea Dodoma, akaipokea Tanga. Nilimwona Bwana Msa wa *Kisima cha Giningi* akielea kifudifudi kwenye mtaro, jalada limefunguka kama mbawa, akapita, akaingia chini ya kalvati. Sikumfikia.

Mzee alipovuka hakusema neno. Alihesabu. Vilivyokwenda na maji, 9. Vilivyolowa, 43. Ndipo akauliza kile kiko wapi, nikamwonyesha kanga.

Jioni nilikibeba mpaka Magomeni na vingine vyote nilivyoweza kubeba. Shangazi alinitazama nilivyolowa, akatazama boksi, akaenda kuwasha mkaa. Usiku ule niliona kwa karibu jinsi kitabu kinavyolowa. Pembe za chini zilikuwa zimevimba, kurasa zimeshikana kama chapati zilizopangwa bado za moto. Ukivuta kwa haraka zinachanika. Inabidi uingize ncha ya kisu butu, upulize, usubiri. Karatasi ilikuwa ya kahawia na nzito. Nilitia gazeti kati ya kila kurasa kumi, nikaweka kanga juu, nikapitisha pasi ya mkaa bila kukandamiza. Mvuke ulinukia vumbi na gundi. Ukurasa mmoja ulichukua wino wa gazeti, jina la timu ya mpira likajichapa kinyumenyume pambizoni, na mpaka leo najua lilikuwa upande wa kushoto.

Huwezi kupiga pasi ukurasa bila kuusoma. Ndivyo nilivyomjua Myombekere, mume ambaye mkewe amechukuliwa na wakwe kwa kuwa hawajapata mtoto, naye anahangaika kupika pombe ya ndizi ya kuwapelekea ili arudishiwe. Nilivyosubiri pasi ipate moto tena nilichukua *Rosa Mistika*, nayo imelowa, nayo inaanzia kisiwa hicho hicho, nyumbani kwa baba mkali na mabinti zake. Nilikwenda na kurudi kati ya vitabu hivyo viwili mpaka adhana ya alfajiri. Kisiwa kimoja. Mmoja anasimulia polepole, hakuna anachokiruka, anakuonyesha kila jambo linavyofanyika. Mwingine anakata, anakuacha na jeraha wazi. Hakuna aliyewahi kuniambia shuleni kwamba unaweza kuwapenda wote wawili usiku mmoja.

Ijumaa mama alikuja kama alivyoahidi. Mzee alimweleza yote, akamrudishia fedha yake ya kwanza. Mama hakuipokea. Akakaa kwenye kigoda cha Mzee, akafungua kitabu katikati, akaweka kidole chini ya mstari na kuanza kusoma, midomo ikicheza. Alifika mahali akasimama. Kidole kikabaki palepale.

"Mitungi," akasema. "Baba yangu aliitoa kwao mama. Alikuwa akituhadithia." Akasoma tena, safari hii kwa sauti, taratibu, neno kwa neno, na kijana wa kupiga kiwi akaacha brashi akasikiliza.

Alilipa nusu iliyobaki. Mzee alikataa, mama akaziweka juu ya Dodoma akaondoka. Kanga yangu alikuwa amekifungia tena kitabu, kwa kuwa mvua ilikuwa inaanza, wala sikumdai.

Kesho yake nilitandika turubai peke yangu, Mzee akinitazama. Nilipanga pwani, nikapanga Kigoma, nikapanga kati. Nilipofika Ziwa nikamweka Kezilahabi mahali pake, na pembeni yake nikaacha nafasi ya upana wa viganja viwili. Mzee aliiona. Akasogeza kigoda chake kidogo ili mtu asije akaikanyaga.